Mtaa wa wastaafu Florida, kila bwawa na mamba wake: karibuni tuulizane

Pangani Kwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Ile video ya mamba anayekatiza uwanja wa gofu imezunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp na simu yangu haijapumzika. Mama mdogo kanipigia analia kabisa: mwanangu rudi, utaliwa huko. Nimeona bora nifungue uzi tumalizane, maana wabeba boksi tulioko Florida ni wengi na kila mmoja anaulizwa swali hilohilo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, ndani ya mtaa wa wastaafu. Mtaa wenyewe sitautaja. Kwa asiyeijua mitaa hii: ina geti na uzio, na sheria ya Marekani inaruhusu iwe ya wazee ilimradi angalau asilimia 80 ya nyumba zina mtu aliyefikisha miaka 55. Shule hakuna, watoto wa kupiga kelele jioni hakuna. Kuna gofu, karata, mazoezi ya kwenye maji, na vile vigari vya gofu ambavyo bibi wa miaka 80 na ushee anavikatisha kona mpaka unashika roho.

Na kuna maji. Geuka kushoto bwawa, geuka kulia bwawa. Watu wanadhani mamba wamevamia makazi ya watu, wengine wanadhani watu wamevamia makazi ya mamba. Ukweli uko katikati. Florida ni tambarare, na ukichimba kidogo tu unakuta maji. Mjenzi wa mtaa analazimika kuchimba mabwawa ya kupokea maji ya mvua yasifurike barabarani, na udongo anaoutoa humo anautumia kuinua viwanja vya nyumba. Bwawa likishajaa, samaki wanaingia, kasa wanaingia, ndege wanatua, na haupiti muda mrefu mamba naye kafika kwa miguu yake. Hakualikwa, ila chakula amekikuta mezani. Nyumba inayotazama bwawa hilo inauzwa ghali kuliko inayotazama barabara.

Florida nzima inakadiriwa kuwa na mamba kama milioni 1.3, kwenye kaunti zote 67. Walikaribia kwisha kwa kuwindwa ngozi, mwaka 1967 wakawekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 1987 ikatangazwa kwamba wamerudi salama. Miaka hiyohiyo wastaafu walikuwa wanamiminika kutoka New York, Ohio na Michigan kufuata joto. Kwa hiyo yameongezeka kwa pamoja makundi mawili yanayopenda kitu kimoja, kuota jua bila kusumbuliwa.

Bibi ninayemhudumia ana sebule ya nyuma iliyozungushiwa wavu, inatazama bwawa. Jua likishakolea mamba wa pale anapanda kwenye majani, anajinyoosha, anaachama mdomo na kubaki hivyo. Kuachama huko si hasira, ni namna yake ya kupunguza joto. Kuna siku kasa mdogo alipanda juu ya mkia wake, akatembea taratibu mpaka mgongoni, naye akaota jua pale. Hakuna aliyemjali mwenzake. Bibi amempa mamba huyo jina la mume wake wa kwanza, na mimi sijauliza kwa nini.

Kinachonitisha kazini si yeye kulala pale. Kinachonitisha ni ukingo. Mabwawa haya yana mteremko wa nyasi mpaka kwenye maji, na nyasi zikiwa na umande zinateleza. Mzee ana mkongojo, mkono mwingine kashika kamba ya mbwa, na macho yenyewe ya kubahatisha. Julai 2022 huko Englewood mama wa miaka 80 alianguka bwawani karibu na nyumbani kwake, kwenye mtaa wa gofu, akawa anapambana abaki juu ya maji, mamba wawili wakamfikia. Februari 2023 Fort Pierce, mtaa wa wastaafu kama huu wetu, mama wa miaka 85 alikuwa anatembeza mbwa pembeni ya bwawa. Mbwa alipona, yeye hakupona.

Ulizeni.

Ngosha Original

Siti ya mbele, karanga mkononi.

Mtoto wa Ikwiriri

Dada Pangani, mimi nimezaliwa Rufiji. Mamba namjua, si wa kusimuliwa. Swali langu ni moja tu: hao wazungu wana hela, wana bunduki kila nyumba, wana helikopta. Kwa nini hawawamalizi? Au ndio zile haki za wanyama?

Pangani Kwetu

Kaka wa Ikwiriri, kumuua bila kibali ni kosa kubwa la jinai huku, unaweza kwenda jela. Lakini usidhani hawauawi. Wanauawa kwa maelfu kila mwaka, kwa utaratibu.

Tume ya wanyamapori ya jimbo ina namba ya simu ya bure. Ukiona mamba wa futi 4 na kuendelea, yaani kama mita 1.2, na unaamini ni tishio kwa mtu, mbwa au mali, unapiga. Wakikubali, wanatoa kibali kwa mtegaji mwenye mkataba wa eneo lako. Anakuja na ndoano, kamba, chusa na mkanda wa gundi. Huo mkanda ndio unanifurahisha: taya za mamba kwenye kufunga ni balaa, ila misuli ya kufungulia ni dhaifu, akishazungushiwa mkanda mdomoni kazi nusu imekwisha.

Sasa majirani wengi wakipiga simu wanasema "waje wamhamishe". Mamba wa futi 4 na zaidi kwa kawaida hahamishwi, anauawa. Mtegaji malipo yake makubwa ni ngozi na nyama. Sababu ni kwamba ukimpeleka mbali anarudi, na njiani anakatiza barabara kubwa na mitaa ya watu, tena huko ulikompeleka kuna mwenyeji ambaye hatakubali kugawana bwawa. Kwa hiyo yule bibi anayelia "maskini mwondoeni apelekwe porini", ndiye amesaini hati ya kifo ya mamba huyo.

Ukimwondoa mmoja, bwawa linabaki vilevile na samaki wake. Nafasi haikai wazi.

Mhifadhi Mstaafu

Nimefanya kazi za wanyamapori muda mrefu, naomba nimsaidie mleta uzi hapa.

Ndugu zangu, mamba wetu wa Rufiji, Ruvu, Rukwa na Ziwa Victoria ni mamba wa Nile. Huyo wa Florida ni wa ukoo mwingine, jina la kitaalamu Alligator mississippiensis. Pua yake ni pana na butu, na akifunga mdomo meno ya chini hayaonekani. Wa kwetu pua imechongoka na lile jino la nne la chini linabaki nje. Kusini kabisa mwa Florida, kwenye mbuga ya maji ya Everglades, wapo pia mamba wa kundi hili la kwetu, na hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo aina hizo mbili zinaishi pamoja porini.

Tofauti kubwa ni tabia. Mamba wa Nile binadamu mzima kwake ni windo halali. Wa Florida kwa kawaida anakula samaki, kasa, ndege, nyoka na wanyama wadogo, na mtu mzima aliyesimama wima anamwona ni kitu kikubwa cha kuepuka. Tangu 1948 jimbo hilo limeandika matukio zaidi ya 400 ya watu kuumwa bila kumchokoza, na vifo havijafika 40. Kwa mwaka ni wastani wa watu 8 hivi wanaoumwa kiasi cha kuhitaji daktari, katika jimbo la watu zaidi ya milioni 20.

Angalieni neno nililotumia: aliyesimama wima. Mtu aliyeinama kung'oa magugu ukingoni, aliyeanguka majini, au mbwa mdogo anayerukaruka, wote hao kwenye jicho la mamba wamepungua ukubwa. Ndiyo maana mazingira ya mtaa wa wastaafu yananipa wasiwasi zaidi kuliko takwimu za jimbo zima.

Mtoto wa Ikwiriri

Hapo nimekuelewa mzee wangu. Shikamoo.

Mhifadhi Mstaafu

Marahaba.

Ziwa Limepanda

Salamu kutoka Marigat, Baringo, jirani zenu wa Kenya. Nasoma huu uzi nikicheka na kukasirika kwa pamoja.

Huku kwetu ziwa limepanda miaka mingi sasa, na mwaka 2020 lilimeza nyumba, hoteli, mashamba, hata zahanati. Maji yalipokuja, viboko na mamba walikuja nayo. Mtu alikuwa na boma lake mbali na ufuo, leo mamba yuko penye alikuwa anafunga mbuzi. Hakuhamia kando ya maji, ni maji yalimhamia. Kisha nasoma kuna mzee Florida ameongeza pesa ndio apate nyumba inayotazama mamba!

Mama wa huku akienda kuteka maji haendi kwa sababu anapenda mandhari.

Ngosha Original

Huyu kanena. Na upande wetu wa Ziwa Victoria vijiji vingine imebidi vijengewe vizimba ndani ya maji ili kina mama wachote bila kuvutwa. Ukiliwa, familia inafuatilia kifuta machozi serikalini, na kukifuatilia nako ni safari.

Wahenga walisema ukiona vyaelea jua vimeundwa. Hawakusema vingine vina meno.

Pangani Kwetu

Ziwa Limepanda, sina cha kukupinga. Nitaongeza kimoja tu: hawa wazee wengi walinunua wakiwa na miaka 60, wanacheza tenisi, wanakimbia asubuhi. Bwawa lilikuwa uzuri. Miaka ishirini baadaye nyumba ni ileile na bwawa ni lilelile, ila magoti yamebadilika. Mamba naye kakua. Watoto wao wako Chicago, wanapiga simu Jumapili. Nani atamwambia mama yake auze nyumba kwa sababu ya mteremko wa nyasi?

Karafuu Carolina

Assalaam alaykum jamani. Miye mtu wa Unguja, niko South Carolina, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mambo hayo si ya Florida peke yake.

Huku kwetu kifo cha kwanza kuandikwa katika jimbo ni cha mwaka 2016, Charleston. Bibi wa miaka 90 alitoka usiku kwenye nyumba aliyokuwa akitunzwa, akakutwa kwenye bwawa la nyuma. Baada ya hapo vimefuata vingine. Agosti 2022, kaunti ya Beaufort, mtaa wa wastaafu, bibi wa miaka 88 alikuwa akishughulika na bustani yake karibu na bwawa. Julai 2023, Hilton Head, mama wa miaka 69 aliyekuwa akitembeza mbwa wake.

Hicho cha 2016 ndicho tunachofundishwa nacho sisi wa kazi hizi. Mzee mwenye kusahau haendi bwawani kwa ujasiri. Anatoka kwa sababu kwenye akili yake ni saa kumi na moja alfajiri ya mwaka 1970 na anachelewa kazini. Anafuata njia, njia inashuka, chini kuna maji. Kwa hiyo dawa yake si mtegaji wa mamba. Dawa ni kengele ya mlango inayofanya kazi, na mtu wa zamu anayeinuka kila ikilia, hata ikiwa imelia mara kumi bure usiku huo. Pahala pangu pa kazi tuliomba uzio mdogo baina ya njia na bwawa, tukajibiwa utaharibu mandhari.

Pangani Kwetu

Karafuu, hilo la kengele ningelibandika kwenye kila friji ya mwajiri. Sisi wa majumbani hatuna hata mwenzetu wa zamu. Mimi mlango wa nyuma nimeufunga kengele ya mlango wa duka, ile ya kuning'inia, ya dola chache. Bibi anaichukia. Inabaki palepale.

Tajiri wa Mawazo

Mimi nina swali la kitaalamu. Ukikimbizwa, ni kweli unatakiwa kukimbia zigizaga?

Mhifadhi Mstaafu

Hapana. Kimbia moja kwa moja kuelekea mbali na maji, basi. Nchi kavu ana kasi ya ghafla ya hatua chache, halafu anachoka. Na ni nadra sana kumkimbiza mtu. Yeye ni mviziaji, kazi yake anaimaliza ukingoni kabla hujajua yupo. Akishakukamata ndipo unapigana kwa nguvu zote: macho, pua, kelele, chochote kilichoko mkononi. Kidonda hata kidogo kioshwe na hospitali uende, mdomo wake umejaa bakteria.

Tajiri wa Mawazo

Sawa mkuu. Sasa mzee wa mkongojo anakimbiaje moja kwa moja?

Mhifadhi Mstaafu

Ndiyo maana tunasema asifike ukingoni.

Kipara wa Gofu

Mchango mdogo. Mimi hucheza gofu, na kwenye kanuni rasmi za mchezo kuna kifungu 16.2 kinachohusu wanyama hatari, na mamba ametajwa humo. Mpira ukitua karibu naye unaruhusiwa kuuhamishia mahali salama bila kupoteza pigo. Anayekwenda kuuokota kwa kubana matumizi ni ubahili wake.

Ngosha Original

Kumbe mamba anakuongezea alama. Nitaanza gofu.

Binti Magoma

Dada Pangani, umesema kinachokutisha ni ukingo. Majirani wenyewe je, hawawachokozi?

Pangani Kwetu

Binti Magoma, umegusa penyewe. Kuwachokoza si sana. Wanawalisha.

Kulisha mamba ni kosa kisheria huku, unaanzia faini na ukirudia unaweza kufungwa. Vibao viko kila bwawa. Bado utamkuta mstaafu wa heshima zake, mtu aliyekuwa mhasibu, anatupa mikate anasema analisha kasa. Mwingine akitoka kuvua anasafishia samaki palepale na matumbo anayatupa majini. Mwingine anasubiri wajukuu waje likizo ya Machi awaonyeshe maajabu, anarusha vipande vya soseji.

Mamba asiyelishwa ukitokea anazama. Hilo nimeliona mara nyingi: kichwa kilikuwa juu, kishindo cha mlango tu, macho yanashuka, maji yanajifunga juu yake. Aliyelishwa anafanya kinyume. Anasikia mlango, anageuka, anakuja. Anakuja polepole bila kutikisa maji, macho na pua tu juu, anasimama pale mtu anapozoea kusimama. Huyo sasa anangoja mkono, haijalishi ni wa nani. Na hapo ndipo simu ya bure inapigwa, mtegaji anakuja, mamba anakufa, na aliyemlisha anasimama kwenye kikao cha chama cha wenye nyumba kulalamika kwamba usalama umeshuka.

Vikao hivyo ni sinema. Kuna kambi inayotaka mamba wote wa futi 4 watolewe kila msimu. Kuna kambi inayosema tulihamia kwao. Na mtegaji haingii kwenye mabwawa ya mtaa bila idhini ya mwenye eneo, kwa hiyo kamati ndiyo inashika ufunguo. Wakiruhusu wanaitwa wauaji, wakikataa wanatishiwa mahakama. Cha kushangaza ni kwamba sijasikia kambi inayopendekeza kichaka. Upandaji wa majani marefu ukingoni, ukanda wa mita chache tu, ungemfanya mzee asifike kwenye maji na mbwa asisogee. Nyasi fupi zinapendeza kwenye picha za kuuzia nyumba, basi.

Binti Magoma

Sasa hapo kama mimi nakuja na mtoto mdogo kutembelea?

Pangani Kwetu

Njoo. Usimwache acheze karibu na maji yoyote yasiyo na chumvi, hata kama hujaona mamba, hasa jioni mpaka alfajiri ambapo wanatembea zaidi. Usiku ukimulika tochi bwawani utaona macho yanarudisha mwanga mwekundu. Na hao unaowaona, jua ni wale tu walioangalia upande wako.

Na ukija kati ya Aprili na Juni, ni msimu wao wa kutafutana. Dume linainua kichwa na mkia juu ya maji, linanguruma kama jenereta ya zamani inayokataa kuwaka, na maji ya mgongoni yanarukaruka matone madogo kabla hujasikia chochote. Bibi wangu hufungua dirisha kusikiliza. Madume hutembea msimu huo, ndiyo maana video za mamba mlangoni na kwenye gereji huwa nyingi.

Mhifadhi Mstaafu

Niongeze hapo: mwishoni mwa Juni na Julai mwanzoni jike linataga mayai 30 hadi 40 na kitu kwenye lundo la majani yanayooza, joto la lundo ndilo linaloangua. Na joto hilohilo ndilo linaamua jinsia. Kama nyuzi 30 mnapata majike, kama 33 madume. Vitoto vinatoka Agosti na Septemba, vina michirizi ya njano, na vinalia kwa sauti nyembamba. Mkisikia sauti hiyo majanini, ondokeni bila kujadiliana. Mama yuko karibu, na anaweza kuvilinda mwaka mzima.

Mtoto wa Ikwiriri

Nyama yake vipi? Maana mmezunguka wote mnaogopa kuuliza.

Pangani Kwetu

Mkia unakatwa vipande, unakaangwa, unauzwa hotelini mchana kweupe. Nyeupe, inavutika kidogo. Mimi ni Mwislamu na nimekulia Pangani, nina samaki wangu, msinitie majaribuni.

Karafuu Carolina

Hahaha, dada kakimbia moja kwa moja, hakupiga zigizaga.

Tajiri wa Mawazo

Mleta uzi, pamoja na yote, hiyo kazi ya kuhudumia wazee cheti chake kinachukua muda gani? Na mwenye visa ya masomo anaruhusiwa?

Pangani Kwetu

Mkuu, mambo ya visa fungulia uzi wake kule jukwaa la kazi, nitakuja kukujibu. Hapa tunajadili mamba.